Mwaka Niliojipima kwa Mizani ya Magunia

Nilipewa dakika tano za kumzungumzia Felistus kwenye mazishi yake, nikatumia moja. Emsii alinitambulisha kwa watu waliojaa chini ya hema, huko kwao nje kidogo ya mji wa Bungoma, akasema, “Sasa tumsikize rafiki wa marehemu, Nasimiyu, walifanya kazi pamoja Kitale.” Nikasimama na kipaza sauti, nikasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, alipenda kazi yake, alinilisha nilipokuwa nimeisha, Mungu ailaze roho yake mahali pema. Nikaketi. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alinigeukia mwili mzima, ati ni hayo tu? Ni hayo tu, mama. Mimi si mtu wa kukosa maneno. Waliofanya kazi nami watakwambia nilikuwa nabishana na dereva wa trekta mpaka anazima injini mwenyewe. Lakini mambo ya mwaka ule hayakuwa ya kusemwa mbele ya askofu na watoto wa Sunday school waliovaa kofia za karatasi, na kubwa lao, kusema kweli, sikuwa hata nalijua nilipokuwa nimesimama pale. Kwa hiyo nayaandika hapa, jikoni kwangu, ambako siku hizi nakula peke yangu na hakuna wa kunikata kauli.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na jina langu mjini lilikuwa “msichana wa mashine.” Wakulima wa Trans-Nzoia ndio walionipa, katika ghala moja la kununua mahindi pale Kitale. Mkulima alileta mzigo wake, mimi nikachukua bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, nikachoma gunia la juu, la kati na la chini, punje zikateremka kwenye bakuli langu, nikazitia kwenye mashine ya kupima unyevu. Sindano ikisimama kwenye kumi na tatu na nusu, au chini yake, alikuwa ameuza. Ikipita hapo, alirudi nyumbani na kila gunia alilokuja nalo akaanike tena. Kazi yenyewe ungemfundisha mtu kwa asubuhi moja. Ugumu ulikuwa kutamka. Mwaka ule mvua ilikataa kwenda. Ilinyesha Oktoba yote, ikanyesha Novemba, watu wakaanika mahindi kwenye maturubai kando ya barabara kutoka Kiminini mpaka mjini, wingu likitokea wanakimbia kufunika. Siku nzima mimi nilikuwa nasema hapana. “Yako imesoma kumi na saba, mzee.” “Mama, hii bado.” Nawaambia hivyo watu waliokaa kwenye foleni siku tatu, nne, wakipikia uji chini ya trela. Wengine walinitukana, na hao hawakunisumbua sana, maana matusi nayajua na nilikuwa na yangu ya kurudisha. Walionimaliza ni wale waliosema “Sawa, mwanangu,” wakaanza kufunga kamba upya.

Kuna mzee mmoja kutoka miteremko ya Elgon ambaye bado namwona. Mahindi yake yalisoma kumi na sita. Hakubisha, alitoa kofia, akaokota punje moja kutoka kwenye bakuli langu, akaiweka kwenye jino la nyuma, akaibana. Ikalia ka! “Umesikia?” akaniuliza. “Huko kwetu tunapima hivi. Hii imekauka. Hebu na wewe ujaribu.” Sikuwa na ruhusa ya kufanya upuuzi kama huo, lakini niliitia punje mdomoni mbele ya foleni nzima, nikaibana, na kwa meno yangu mimi ilikuwa kavu kabisa. Nikamwangalia. Nikaiangalia sindano. Nikamwambia, “Ni kumi na sita, baba. Pole.” Akavaa kofia yake, akasema kwa upole, “Hiyo mashine haina meno,” akaondoka. Msimamizi wangu, Bwana Kiprop, aliniambia nilifanya vizuri sana, kwamba mtu wa kazi yangu hapaswi kuwa na huruma wala rafiki. Ndiyo maana hakuniruhusu kula na wakulima wala na vibarua, ati watu watasema nimehongwa. Saa saba nilijifungia kwenye kiofisi changu na skonzi mbili na chupa ya chai, nikatafuna nikiangalia ukuta. Toka msimu uanze mpaka katikati ya Januari sikula mbele ya binadamu mwingine, na wakati huo hata sikuona kama ni jambo.

Mwili ndio ulioanza kulalamika, mimi bado nikisema niko sawa. Kwanza ilikuwa moyo. Trekta ikinguruma tu, hata kama ni Jumapili na niko kanisani na trekta yenyewe inapita zake barabarani, moyo ulinienda mbio na viganja vikawa baridi vyenye jasho. Kisha taya, nilikuwa nasaga meno usingizini, naamka na maumivu mpaka kwenye sikio, nikawa namlaumu yule mzee na punje yake. Usingizi wenyewe ulikuwa wa kuibia. Tumbo likawa halitaki chochote, na likipokea linarudisha au linaharisha. Mabega yakapanda yakakaa huko juu karibu na masikio, sikujua namna ya kuyashusha. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Na akili, ambayo ndiyo niliyokuwa naringia, ikaniaibisha: nilitia chumvi kwenye chai, nilimsahau jina mchungaji wangu nikiwa nimemshika mkono, nilisoma namba ya gari moja nikaiandika kwa gari jingine. Halafu siku zangu za mwezi zikapotea. Mwezi wa kwanza nikahesabu vibaya, wa pili nikaogopa, wa tatu nikanyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema wahenga. Mimi changu kilikuwa kinatokea kwenye nguo. Sketi niliyonunua Septemba ilikuwa inanizunguka kiunoni kama inatafuta mtu mwingine.

Nilikuwa napanga chumba kwenye ploti ya Mama Chebet, milango minane inayotazamana, bomba moja katikati. Ndani nilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta taa, sufuria mbili na kalenda. Kuta hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha nane anasema pole. Usifikiri nilikuwa nasikiliza kwa makusudi. Jioni moja nilikuwa nimejilaza bado na viatu miguuni, jirani yangu Mama Brayo alikuwa anakata sukuma wiki mlangoni na mwenzake.

“Huyu msichana wa mashine anaisha.”

“Si nimeona hiyo shingo.”

“Ati ni kazi. Kazi gani inakula mtu hivyo, bana? Mimi pia nafanya kazi na si unaniona?” Wakacheka. Kisha Mama Brayo akateremsha sauti, kwa faida yangu labda, lakini mabati hayajui siri. “Ni ule ugonjwa. Nimeshakataza Brayo asikubali mandazi yake.”

Miaka ile ya mwisho ya tisini hukuhitaji kuutaja. Ukisema “ule ugonjwa” kila mtu alijua ni upi na kwamba hauna dawa, na ukikonda tu, hukumu imeshatoka. Wanawake wakaanza kusuuza bomba kabla ya kuteka baada yangu. Jumapili Mama Chebet alikuwa na desturi ya kuwapa wapangaji wake wasio na familia chai ya maziwa, na nilipogeuza kikombe changu nikakuta chini yake tone la rangi nyekundu ya kucha. Vingine havikuwa nalo. Nikanywa chai yote, nikashukuru, nikakisuuza mwenyewe na kukiweka mbali na wenzake, kama mtu anayesaidia kazi. Jambo la kunitia uchungu ni kwamba sikuwakasirikia. Niliwaamini. Kulikuwa na kijana mmoja wa Webuye, tuliachana mwaka uliotangulia, na mimi nilikaa kitandani nikapiga hesabu zangu nikaona ndiyo, ni mimi, nakufa. Nililia hata hivyo, kwenye mto, ili wasisikie. Sikwenda kupimwa. Nilikunywa dawa za minyoo, nikanywa dawa za vidonda vya tumbo, nikanywa maji ya magome yaliyokuwa machungu mpaka machozi yakatoka, nikaombewa mara mbili bila kusema naombewa nini. Na kila Jumamosi mchana, ghala likishatulia, nilipanda kwenye mizani ya magunia kuona kimebaki kiasi gani.

Hapo ndipo Felistus aliponikuta. Wakati ule tulimwita Mama Jentrix, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kina mama wa kuchambua, wale waliokaa kwenye kivuli cha ghala na nyungo zao, wakitoa punje mbovu mahindi mazuri yabaki. Alikuwa na miaka thelathini na nne hivi, mweusi, mnene wa kupendeza, mume wake alifanya kazi Webuye na alikuja mwisho wa mwezi. Alikuwa anasema kama watu wa kwao Bungoma, l na r zikibadilishana viti. Nilikuwa nimesimama kwenye ile sahani ya chuma, viatu nimevua, nasukuma kile kijiwe cha uzito, nikasikia nyuma yangu:

“Kwani wewe ni gunia?”

Nikashtuka nusura nianguke. “Napima tu, Mama Jentrix.”

“Nimekuangaria wiki tatu unapima tu.” Akaja akasoma namba. Gunia la mahindi ni kilo tisini. Mimi nilikuwa nusu gunia, na kidogo pungufu. Hakusema “ai” wala “Yesu.” Akasema, “Shuka hapo. Unakuranga na nani?”

Swali la ajabu. Watu waliniuliza nakula nini, ninatumia dawa gani, nimelogwa na nani. Nikamwambia nakula peke yangu, ndiyo amri. Hapo hapo akatoka, akaenda kwa Bwana Kiprop aliyekuwa anafunga ofisi. Sikusikia yote, ila nilisikia, “Huyu msichana akikufa kwa hii ofisi yako, wewe utaandika nini?” Jumatatu saa saba Bwana Kiprop akapita dirishani kwangu akasema bila kunitazama, kula nao, lakini habari za mahindi zisiongelewe. Ndivyo nilivyotoka kwenye kile kiofisi.

Siku ya kwanza walikuwa na ugali wa mtama na mrenda. Kama hujala mrenda, ni mboga inayoteleza. Ukichovya tonge na kulivuta, inakufuata mpaka mdomoni na inabaki imeshikana na bakuli na tonge la mwenzako. Huwezi kula mrenda na mtu kisha ukajifanya hamjagusana. Bakuli lilikuwa moja, wanawake sita. Mimi nikarudisha mkono nyuma, nikasema nimeshiba. Walijua. Mji wote ulijua. Mmoja wao, Nafula, alikuwa hata amesogeza kisahani pembeni, labda cha kunitengea. Felistus akanikatia tonge, akalichovya yeye, akanipa mkononi, mimi nikala, kisha akachovya lake mahali pale pale nilipochovya, akala, akaramba vidole vyote vitano polepole wakimwangalia. “Chumvi imepungua,” akasema. Nafula akakirudisha kile kisahani kwenye kikapu. Nilikula matonge manne siku ile na tumbo likayakubali, na nikiandika hivi macho yananilowa, basi.

Walikuwa na desturi yao pale kwenye nyungo ambayo sijaiona kwingine. Mwenye jambo moyoni alilisema akichambua, na wenzake waliendelea kuchambua. Hakuna kumtazama usoni, hakuna kumkatiza, hakuna “lakini ulifanyaje na wewe.” Ungo wake ukiisha, anamimina mahindi yake kwenye gunia, na hapo ndipo mwingine anaweza kutia neno, au asitie. Mtu alisema mumewe anampiga, mikono ikaendelea. Mtu alisema mtoto wake anaiba, mikono ikaendelea. Wiki nzima nilichambua nao kimya, dakika chache baada ya kula. Ya pili nikasema kuhusu yule mzee na jino lake. Ya tatu nikasema nakufa, nikasema na jina la ugonjwa wenyewe, ambalo hakuna aliyekuwa analitamka, na nilipoinua macho nilikuta vidole vyote bado vinatembea kwenye punje. Nilimimina ungo wangu. Felistus akasema, “Nani amekupima?” Nikasema hakuna. “Sasa umejuaje?” Nikasema nimekonda. Akasonya. “Hata ng’ombe wa kukonda anaitiwa daktari kwanza.” Kila ilipofika zamu yake yeye, nakumbuka, alisema, “Yangu ni madogo,” akacheka, zamu ikapita. Tukaiacha ipite.

Tulikwenda Bungoma kupimwa kwa sababu Kitale kila mtu alimjua msichana wa mashine. Kwenye benchi la hospitali nikamwambia turudi. Felistus akaniambia, “Na mimi nitatoa damu. Ukitoa na nikitoa tumekuwa wawiri.” Akakunja mkono wa blauzi yake hapo hapo, kama mtu anayeenda kufua. Majibu yalikuwa ya wiki mbili. Wiki mbili zile sitaziandika.

Siku ya majibu aliitwa yeye kwanza. Hakukaa sana. Alitoka, akaketi kando yangu, akaweka karatasi yake kwenye pochi, akasema, “Ingia, anakungoja.” Sikumtazama, nilikuwa natazama mlango. Ndani kulikuwa na mzee mmoja wa koti jeupe, mkali kidogo, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniambia sina kitu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikambishia, mimi huyo, nikamwonyesha shingo yangu, nywele, nikamwambia habari ya siku zangu, ya moyo na matrekta. Aliweka kalamu chini akanisikiliza mpaka mwisho, na maneno aliyoniambia nimeyabeba maisha yangu yote. “Mwili hauna macho, msichana. Hauwezi kujua kama hilo ni trekta ama ni chui. Wewe ukishtuka, wenyewe unajua kitu kimoja tu, kukimbia. Unapeleka damu miguuni, unafunga tumbo, unafunga hata nyumba ya mtoto, kwa maana nani anabeba mimba akikimbizwa na chui? Sasa wewe umekimbia miezi minne ukiwa umekaa kwa kiti.”

Nikamwomba aniandikie dawa. Akasema dawa anazo za watu wengi ila si zangu. Aliniambia nipunguze chai nzito, nitoke kazini kwa miguu nizunguke njia ndefu ya kwenda nyumbani mpaka mwili uchoke uchovu wake halali, na moyo ukianza mbio nitoe pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta, kama anayepoza uji. Akanikataza mizani. Mwisho akaniuliza, “Una mtu wa kuambia mambo yako?” Nikamwonyesha Felistus kupitia mlango uliokuwa wazi, amekaa kwenye benchi, mgongo wake kwetu, pochi mapajani. Yule mzee alimtazama kitambo, kitambo kirefu, naona sasa. “Huyo,” akasema. “Basi mshikane.”

Nikatoka nikamrukia. Nililia pale kwenye korido mpaka watu wakafikiri tumefiwa. Yeye alinishika mikono yote miwili akanibana kwa nguvu ya ajabu, na yeye akalia, na mimi nikafikiri ananililia mimi. Kisha nikamvuta hotelini karibu na steji. Nikaagiza chapati na maharagwe, kisha chapati nyingine, njaa ya miezi minne ilinirudia mara moja, na nikaongea. Mungu wangu, niliongea! Nilimwiga Mama Chebet na rangi yake ya kucha, nilimwiga Mama Brayo, nilipanga maneno nitakayowaambia nikifika. Felistus alikuwa ananitikisia kichwa. Akasukuma sahani yake upande wangu, akasema tumbo lake limejaa hewa. Nikala na yake.

Nilipona, na sikupona kwa siku moja. Nilitembea ile njia ndefu kila jioni, nikipita kwenye mahindi yaliyokatwa, Elgon ikijifunika mawingu yake. Nilipoza uji wangu wa hewa kila trekta iliponguruma, nikionekana mwehu. Na nilifanya jambo moja ambalo hakuna aliyenifundisha: nikaigeuza mashine ikatazama dirishani, nikaweka kiti nje, nikamwambia kila mkulima, keti, soma mwenyewe. Wakaisoma wenyewe, wakasikitika wenyewe, wengine wakaitukana mashine badala yangu, na mimi nikawa mtu anayesimama pamoja nao tukiiangalia. Nywele zikaacha kung’oka. Mwezi wa Machi siku zangu zilirudi, nikaenda nikawatangazia kwenye nyungo bila aibu, na Felistus ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, mpaka Bwana Kiprop akachungulia kuona nani anaolewa.

Kabla mwaka haujaisha nikapata kazi ya ofisini Bungoma. Felistus alikuja kunitembelea mara moja, siku ya soko, kikapu mkononi. Alikuwa amepungua. Nikamwambia, “Ai, Mama Jentrix, umekuwa msichana!” nikaona nimemsifu. Nilikuwa napiga pasi, nilikuwa na harambee ya kanisa saa nane. Nilimpa chai, akaishika tu. “Unarara siku hizi?” akaniuliza. Nikamwambia nalala kama mtoto mchanga. “Na wewe?” ingekuwa maneno mawili. Nilikuwa natafuta kiatu. Akakaa kidogo, akasema hakutaka kitu, alitaka tu kunisalimia, akaenda zake. Baada ya hapo zilikuwa salamu za Krismasi, kisha za simu, kisha za mwaka mara moja, na nilikuwa nawaambia watu nina rafiki mmoja wa kweli duniani.

Hakufa kwa ugonjwa ule. Alikufa kwa presha, alianguka jikoni kwake. Hayo aliniambia Jentrix jioni baada ya mazishi, wageni wakishapungua, mimi naye tumesimama kwenye beseni la vyombo nyuma ya nyumba. Ni mwalimu sasa, mtu mzima, ana sauti ya mama yake bila zile l na r. Alikuwa anafuta sahani ninazomwoshea. Akasema, “Anti, nilikuwa nataka kukushukuru kabla hujaenda.” Nikamwambia kwa lipi, mwanangu. Akaangalia nyuma kama kuna mtu. “Kwa kutunza siri ya Mama. Miaka yote hiyo hukumwambia mtu. Dawa zilipokuja ndipo alitukalisha sisi watoto akatuambia. Nikamuuliza alibeba vipi kitu kama hicho, na dawa hazikuwa hata zimekuja. Akasema siku aliyoambiwa hakuwa peke yake, kulikuwa na Nasimiyu. Ati mlishikana mikono mkalia wote wawili, halafu mkaenda mkakula. Alisema ndiyo maana alirudi nyumbani siku hiyo na hakufanya kitu kibaya.”

Sabuni ilikuwa inanitiririka mpaka kwenye viwiko. Ningeweza kunyamaza. Ilikuwa zawadi, Felistus aliipika akaifunika, akaniachia mikononi mwa mtoto wake. Ningeitikia tu, nikasema usijali. Moyo ulikuwa unanienda mbio na nikatoa pumzi ndefu, na haikusaidia.

“Jentrix,” nikasema, “mimi sikujua.”

“Hukujua nini?”

“Majibu yake. Sikujua mpaka umeniambia sasa hivi. Niliambiwa yangu ni mazuri, nikalia kwa furaha. Sikumuuliza yake. Siku ile sikumuuliza, na miaka yote sikumuuliza.”

Aliacha kufuta. Upande wa hema vijana walikuwa wanapanga viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine, na mtu alikuwa anaita jina la mbwa. Alinitazama usoni, moja kwa moja, sivyo tulivyokuwa tunafanya sisi kwenye nyungo.

“Kwa hivyo hiyo siku,” akasema, “alikuwa peke yake?”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Nilikuwa nimekaa hapo karibu naye, na alikuwa peke yake.”